Urubani kwa mtoto wa mkulima wa korosho: jipange kwa kusubiri

Swali ninaloulizwa zaidi nikiwa likizo Tandahimba ni "shilingi ngapi?" La pili ni kama mwenye miwani anakubaliwa. La tatu haliulizwi, na ndilo linalowatoa wengi njiani: utafanya nini, na utabakije rubani, katika vipindi ambavyo huruki? Wengi niliowaona wakiacha hawakushindwa na ndege. Walishindwa wakiwa chini wanasubiri ada, zamu ya ndege, tarehe ya mtihani, ajira. Basi maelekezo haya yataelemea huko. Namna usukani unavyoshikwa utafundishwa na mkufunzi, na analipwa kwa kazi hiyo.

Mimi ni rubani msaidizi wa ndege za pangaboi, mwanamke, Mmakonde, baba yangu analima korosho. Miwani nimevaa tangu sekondari, kwa hiyo tuanze na hiyo.

Kapime kabla ya kuuza hata gunia moja

Rubani wa biashara, yaani anayelipwa kwa kuruka, anatakiwa kuwa na cheti cha afya cha daraja la kwanza. Hakitolewi na daktari yeyote, ni yule aliyeidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na kwa sisi wa kusini hiyo ni safari ya Dar es Salaam. Utapimwa macho, masikio, moyo, mapafu, damu na mkojo, na utaulizwa kuhusu kifafa, kuzimia, kisukari na maradhi ya akili. Jibu ukweli, maana ukificha leo utakuja kukamatwa na kipimo cha mwaka mwingine ukiwa umeshalipa kila kitu.

Miwani haimnyimi mtu leseni. Kinachotazamwa ni kama ukiivaa unafikia kiwango, na ukifikia utaandikiwa kwamba uruke ukiwa nayo usoni na nyingine ya akiba karibu. Kinachowashtua watu ni rangi. Kuna kitabu kinaitwa Ishihara, kurasa za vidoa vya rangi ambavyo ndani yake imefichwa tarakimu. Kijana anaweza kukua mpaka anaota ndevu bila kujua kwamba nyekundu na kijani zinamchanganya, maana embe bivu atalitambua kwa kulibonyeza. Uliza kliniki ya macho ya hospitali kubwa iliyo karibu nawe, Ligula au Ndanda, kama wanacho. Ukikosea kurasa zile usilie papo hapo, vipo vipimo vingine vya kuthibitisha. Lakini ujue mapema, wakati bado una nafasi ya kuchagua fani nyingine.

Cheti hicho kwa rubani kijana kinadumu mwaka mmoja. Uandike huo mwaka mmoja mahali, tutaurudia.

Shule nitaipita haraka. Hesabu, fizikia na Kiingereza ndiyo masomo yanayotazamwa. PCM (fizikia, kemia, hesabu) au PGM (fizikia, jiografia, hesabu) ni njia nzuri. Digrii si sharti la leseni, ingawa mzazi wako hatakubali kirahisi, na mimi sitamgombeza, kwa sababu digrii ni mahali pazuri pa kusubiria.

Mazoezi ya bure ukiwa bado Mtwara

Nikipewa vijana wawili wenye ufaulu sawa nitamchagua aliyefanya haya kabla ya kukanyaga chuo. Hayahitaji hela, simu yenye bando inatosha.

Jifunze kusoma taarifa ya hali ya hewa ya viwanja vya ndege. Inaandikwa kwa mkato, namna hii kwa mfano: HTDA 210900Z 15012KT 9999 FEW022 30/22 Q1014. HTDA ni uwanja wa Dar es Salaam (Mtwara ni HTMT). Tarehe 21, saa 0900 ya dunia, ambayo kwetu ni saa sita mchana. Upepo unatoka nyuzi 150 za dira, upande wa kusini-mashariki, kwa noti 12, yaani maili 12 za baharini kwa saa. Uono ni kilomita 10 au zaidi, mawingu machache kwenye futi 2,200, joto nyuzi 30, kiwango cha umande 22, mgandamizo wa hewa 1014. Mtoto wa Mikindani akisoma "15012" hana haja ya kukariri, kwani baba yake akitoka na mashua anauita kusi. Kinachobaki ni kuupa namba.

Sasa ufanyie hesabu. Kutoka Dar hadi Mtwara kwa mstari ulionyooka ni kama maili 216 za baharini, karibu kilomita 400. Ndege ndogo ya mafunzo inayokwenda noti 110 katika hewa tulivu itachukua saa moja na dakika 58. Kusi likikukabili kwa noti 20, unabaki na 90, na safari inakuwa saa mbili na dakika 24. Dakika 26 zimeongezeka, na kila dakika inakunywa mafuta. Ukirudi Dar kusi lilelile linakusukuma mgongoni. Kaskazi nalo, kuanzia Desemba hivi hadi Machi, linakupiga ubavuni kutoka kushoto ukiwa unashuka Mtwara, na usipolirekebisha litakupeleka bara. Kosa la nyuzi moja tu katika maili 60 linakutoa njiani maili moja. Katika maili 216 ni zaidi ya maili tatu na nusu, umeshaikosa bahari unatazama mikorosho. Fanya hesabu za namna hiyo kila siku kwa kichwa, ukiwa unatembea. Kwenye usaili utaulizwa hizohizo, bila kalamu.

Kiingereza cha redio ni jambo jingine. Marubani wa safari za kimataifa hupimwa kwa ngazi sita, na ya nne ndiyo ya chini kabisa inayokubalika. Ukipata ya nne unapimwa tena baada ya miaka mitatu, ukipata ya sita hurudii. Hawatafuti lafudhi ya Uingereza. Wanatafuta mtu anayesikika, anayeelewa swali asilolitegemea na kulijibu bila kugugumia. Mimi nilijizoeza herufi za redio kwa namba za bodaboda: MC inakuwa Mike Charlie, tisa inakuwa "niner", unaendelea hivyo mpaka dereva anakuuliza unaongea na nani.

Kikao cha ada

Kwetu jambo kama hili haliamuliwi na baba peke yake. Mjomba lazima awepo. Wa kwangu alisikiliza hesabu zote, akakohoa, akauliza, "Akishahitimu, ndege anapewa?" Nikamwambia hapana, Mjomba, ndege ni ya kampuni. Akanyamaza kidogo. "Na kazi?" Nikamwambia shikamoo Mjomba, kazi nayo inatafutwa. Watu walicheka lakini yeye hakucheka, na kwa kweli alikuwa ameuliza maswali mawili ya maana kuliko yote ya siku ile. Kwenye kikao chako usiahidi mshahara. Waambie watu wazima wazi kwamba kati ya cheti na mshahara wa kwanza kuna pengo, na pengo hilo nalo lina bajeti yake: kula, kulala Dar, kupima afya, kuhuisha leseni.

Gharama yenyewe, kutoka sifuri hadi leseni ya biashara yenye injini mbili na ruhusa ya kuruka kwa kutegemea vyombo (kusoma mita za ndani ya ndege wakati nje huoni), ni makumi ya maelfu ya dola. Vyuo vinatofautiana, kwa hiyo omba ankara iliyoandikwa, yenye kila kitu: saa za kuruka, mitihani, ada ya kutua, malazi, vitabu, na bei ya saa ya ziada. Bei ya saa ya ziada isomwe na mjomba kwa sauti.

Ugumu wetu sisi wa Mtwara na Lindi ni kwamba hela inakuja kwa msimu na bei haijulikani mpaka mnada. Msimu wa 2018 ni mfano mzuri. Septemba hakuna mkulima aliyejua kwamba mwezi Novemba serikali ingeingia kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo na magunia yasombwe na malori ya jeshi. Na ada ni ya dola, korosho ni ya shilingi. Kwa hiyo usipange ada kwa bei unayoitumaini, panga kwa bei mbaya unayoikumbuka, na acha nafasi ya dola kupanda.

Sasa sikiliza hapa vizuri. Kama fedha yote haipo kwa pamoja, na mara nyingi haipo, cha kuamua ni mahali pa kusimama. Mafunzo yana vituo. Kituo cha kwanza kizuri ni leseni ya rubani binafsi, PPL: miaka 17 na kuendelea, angalau saa 40 za kuruka, na ndani yake safari ya peke yako ya maili 150 za baharini ukitua viwanja viwili tofauti. Ukiishika mkononi unaweza kurudi nyumbani ukasubiri mnada, na karatasi yako inabaki karatasi. Kituo cha pili ni baada ya kumaliza mitihani yote ya nadharia ya leseni ya biashara. Mahali pabaya pa kusimama ni kati ya siku uliyoruka peke yako mara ya kwanza na mtihani wa PPL, na pabaya zaidi ni katikati ya mafunzo ya vyombo. Mikono inasahau upesi. Utakaporudi, mkufunzi hatakuendeleza pale ulipoishia. Atakurudisha nyuma, na kila saa ya kurudishwa nyuma unailipa. Nimeona mtu akilipia kitu kilekile mara mbili kwa sababu aliondoka chuoni wiki tatu kabla ya mtihani, ada ilipokata.

Kanuni ninayowapa wadogo zangu ni hii: usianze hatua ambayo fedha yake yote, pamoja na saa kadhaa za ziada na chakula cha miezi miwili, haiko benki. Mnada ukiisha vizuri, anza Januari. Ukiisha vibaya, endelea na hesabu zako za kusi mwaka mwingine.

Kuhusu udhamini, TCAA ina mfuko wa mafunzo ambao umewahi kusomesha marubani. Nafasi ni chache, fuatilia matangazo yao wenyewe. Anayekupigia simu akisema ana nafasi yako tayari, tuma hela ya fomu, mkatie.

Kuchagua chuo

Watanzania wengi wamesomea nje: Afrika Kusini, Ethiopia, Nairobi pale uwanja wa ndege wa Wilson, na Soroti nchini Uganda, chuo cha tangu 1971, enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza. Hapa nyumbani Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, nacho kimeingia kwenye mafunzo ya urubani. Sitakuambia kipi ni bora. Nitakuambia cha kuuliza.

Ndege zenu ngapi zinaruka wiki hii? Usikubali jibu la ndege ngapi mnazo. Iliyoegeshwa ikisubiri spea haikufundishi kitu. Mkufunzi mmoja ana wanafunzi wangapi? Wanafunzi watatu wa mwisho kuhitimu walichukua muda gani tangu siku ya kwanza, na naweza kuongea nao? Anayekwepa swali hili la mwisho amekujibu. Nikisimamisha masomo, fedha yangu ambayo sijairukia inarudi? Na usilipe yote mwanzoni hata ukipewa punguzo. Lipa kwa hatua, upewe risiti, kwa sababu chuo kikifungwa mwanafunzi ndiye wa mwisho kukumbukwa.

Thibitisha na TCAA kwamba chuo kimeidhinishwa na mamlaka ya nchi yake, na uulize utaratibu wa kuibadilisha leseni ya huko iwe ya Tanzania. Una mitihani na ada zake, uingize kwenye bajeti ile ya pengo.

Kitu kimoja ambacho mtu wa pwani hakitegemei ni mwinuko. Wilson iko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, ndege inakimbia chini kwa muda mrefu zaidi kabla ya kuinuka, na inapanda kwa uvivu. Ukihitimu huko ukaja kutua Mtwara, ambako uwanja hauko mbali na bahari, utashangaa ndege ilivyo na nguvu.

Kiti cha plastiki

Saa ya kuruka inahesabiwa injini ikiwa inawaka. Ukikaa kwenye ndege unatafuta swichi ya pampu iko wapi, unatafuta kwa dola. Kwa hiyo chapisha picha kubwa ya dashibodi ya ndege utakayofundishiwa, ibandike ukutani, weka kiti cha plastiki mbele yake.

Chukua injini kuzimika angani. Kwenye Cessna 172S, ndege ndogo ya mafunzo: shusha pua, shika noti 68, hiyo ndiyo kasi inayokupeleka mbali zaidi ukiwa unateleza. Tazama nje, chagua uwanda. Kisha mkono uende: valvu ya kuzima mafuta iwe imesukumwa ndani, kichaguzi cha tangi kwenye "both", pampu ya akiba washa, mchanganyiko wa mafuta na hewa mbele kabisa, ufunguo kwenye "both". Sema kwa sauti huku mkono unagusa karatasi. Rudia mpaka mdogo wako aliyekaa mlangoni anaanza kukusahihisha. Ukifika kwenye ndege halisi na mkufunzi akapunguza nguvu ya injini ghafla, akili yako itakuwa huru kutafuta uwanda, mkono unajua njia.

Zoezi hilohilo ndilo linalokushikilia wakati wa mapengo. Ndege ikiwa matengenezoni, kiti kipo. Ada ikikata, kiti kipo.

Baada ya leseni ya biashara

Leseni ya biashara, CPL, ni miaka 18 na saa 200, au 150 kama umepitia kozi kamili iliyoidhinishwa. Ile ya juu, ATPL, inayomruhusu mtu kuwa kapteni wa ndege kubwa za abiria, ni miaka 21 na saa 1,500. Kati ya 200 na 1,500 ndipo wanapopotea watu. Kampuni kubwa inaweza kumwajiri mwenye CPL kama rubani msaidizi, lakini wenzako wanaoitaka nafasi hiyo ni wengi, na wengine wanakuja na saa nyingi kuliko wewe.

Hesabu ulizonazo siku hiyo si za saa tu. Cheti cha afya kinaisha mwaka. Ruhusa ya vyombo inahuishwa kila mwaka, kwa ndege au simuleta (mashine ya kuigiza ndege), kwa kulipia. Kiingereza kina tarehe yake. Mwaka 2020 ndege zilipoegeshwa dunia nzima, wengi waliacha karatasi zao zife kwa sababu hakukuwa na kazi hata hivyo. Simu zilipoanza kuita tena, ziliuliza kitu kimoja: unaweza kuanza lini? Mwenye karatasi hai alisema Jumatatu. Kwa hiyo kama fedha ni ndogo na lazima uchague, weka hai kwanza cheti cha afya, kwa sababu kikikaa sana ndipo unapogundua tatizo jipya ukiwa na barua ya ajira mkononi. Ruhusa ya vyombo ifuate.

Tafuta kazi iliyo karibu na ndege hata kama si ya kuruka. Mimi nilikaa kaunta ya abiria. Mwenzangu mmoja wa Masasi alikuwa akipanga mizigo na kukokotoa uzito, akawa anajulikana kwa jina na kila rubani aliyepita, na nafasi ya Caravan ilipotokea hakuna aliyehitaji kusoma wasifu wake. Caravan, Cessna 208 yenye injini moja, ndiyo iliyowalea marubani wengi wa nchi hii: Mafia, Zanzibar, viwanja vya udongo mbugani. Unatua mara nyingi kwa siku, unapakia mabegi mwenyewe, unafukuza swala njiani. Asikudanganye mtu kwamba hiyo ni kazi ya kupitia tu.

Kampuni nyingi za ndege ndogo utazikuta Terminal One pale Dar es Salaam, na Arusha pale Kisongo. Barua pepe tuma, lakini nenda pia. Vaa nadhifu bila kuvaa shati la mabega yenye mistari, hujaajiriwa. Beba leseni, cheti cha afya, pasipoti, na kitabu chako cha saa kikiwa kimejumlishwa kila ukurasa na kusainiwa kwa wino, maana mtu wa kwanza atakayekifungua ataangalia kama jumla ya chini inafanana na ya ukurasa unaofuata. Fika mapema. Rubani mkuu wa kampuni ndogo naye anaruka, saa nne asubuhi yuko Mafia. Ukimkosa, acha bahasha mapokezi, uliza jina la aliyeipokea, na uombe siku ambayo atakuwa chini.